Waleti iko ofulaini kabatini, je chipu yake inaweza kuniibia?

"Shikamoo mtaalamu. Niko Nkuhungu hapa Dodoma, nadizaini logo na mabango ya wateja wa nje na wengi wananilipa kwa bitcoin. Nimejiwekea kidogokidogo karibu miaka miwili, saivi imefika kama milioni 14 za kwetu. Mwaka huu nikaamua kuzitoa kwenye simu, nikanunua waleti ya kifaa, kale kadogo kenye kioo, kwa kaka mmoja anayeleta vitu kutoka Dubai. Alinisaidia sana, tuliiset palepale dukani kwake, tukaandika maneno 24 kwenye karatasi, na mimi nikapiga picha nikajitumia WhatsApp yasije kupotea. Sasa kwenye grupu la Telegram mtu kaweka habari kwamba chipu iliyomo, ESP32, ya Wachina, ina mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya mtu kuingilia. Mwingine anasema nitumie simu ya zamani isiyo na laini ndo salama zaidi. Mume wangu anasema nirudishe hela kwenye ekschenji, zile kampuni za mtandaoni za kuuzia na kutunzia bitcoin, niache presha. Mimi nilidhani kitu kikishakuwa ofulaini ndo basi tena, hakuna wa kukigusa. Kweli chipu inaweza kuniibia wakati kifaa kimelala kabatini?"

Marahaba mdogo wangu. Kwenye ujumbe wako kuna mambo mawili, lile uliloniuliza, la chipu, na lingine umelitaja kwa kupita tu kwenye sentensi moja, la dukani. Hilo la pili ndo limefanya nikujibu leoleo. Kwahiyo kabla hujasoma maelezo yote shika hili: hayo maneno 24 yahesabu kuwa yameshaonekana na mtu mwingine, na hela itoke kwenye hayo maneno leo, isilale. Namna ya kufanya ntakueleza huko mbele, ila naomba kwanza uelewe kwanini, sababu nimeshaona watu wanahama haraka alafu wanahama na tatizo lao.

Tuanze na kitu ambacho karibu kila mtu anakikosea. Bitcoin yako haimo ndani ya kile kifaa. Haijawahi kuwemo. Iko kwenye daftari moja kubwa ambalo nakala zake zimekaa kwenye maelfu ya kompyuta duniani, na daftari linasema anwani fulani ina kiasi fulani. Kifaa chako kinatunza namba moja tu kubwa ya siri, na kazi yake ni kusaini pale unapotaka kutuma. Chukulia muhuri wa mtendaji wa kijiji: hela ya kijiji haimo ndani ya muhuri, ila karatasi bila muhuri haipiti, na mtu akishachonga muhuri mwingine unaofanana na ule hana haja ya kuvunja ofisi ya mtendaji, anagonga akiwa kwake na karatasi inapita vizuri tu. Yale maneno 24 ndo muhuri wenyewe. Kila neno linatoka kwenye orodha moja ya maneno 2048 inayojulikana dunia nzima, na mpangilio wake ndo ile namba ya siri imeandikwa kwa namna ambayo binadamu anaweza kuinakili. Sio PIN hayo. PIN inafungua kifaa kimoja, maneno yanafungua hela popote, kwenye kifaa chochote, bila kukuuliza.

Kwahiyo jibu la swali lako kama ulivyoliuliza: chipu iliyozimwa kabatini haiwezi kutuma kitu popote, haina umeme, haina njia. Lakini kuibiwa wakati kifaa kimelala inawezekana kabisa, na imeshatokea. Mwaka 2023 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilieleza kisa cha mtu aliyenunua waleti ya kifaa kama yako, Trezor Model T, kwenye tovuti ya matangazo ya kuuziana vitu. Boksi zuri, stika za kung'aa zipo na hazijaguswa, kifaa kinafanya kazi zake zote. Siku moja bitcoin 1.33 zikaondoka, na kifaa kilikuwa kimefungiwa kwenye sefu, hakijachomekwa kwenye kompyuta yoyote. Walipokifungua wakakuta chipu ya ndani imebadilishwa na fimuwea, yaani programu ya ndani inayokiendesha kifaa, imechezewa. Kilichofanywa ni kitu kidogo sana: pale mwenye kifaa alipobonyeza "tengeneza waleti mpya", kifaa hakikubuni maneno mapya, kilichagua seti moja kati ya seti 20 ambazo mwizi alikuwa nazo tayari. Yaani muhuri ulichongwa nakala mbili siku ileile ya kwanza. Mwizi akasubiri kama mwezi mzima tangu hela ya kwanza iingie, ndo akachukua. Hata angeweka lile neno la ziada watu wanaloliita neno la 25 lisingemsaidia, maana fimuwea ile ilikuwa inatumia herufi yake ya kwanza tu na kutupa zilizobaki.

Sasa rudi kwenye duka la yule kaka. Simtuhumu, simjui, inawezekana kabisa ni mtu mwema aliyetaka mteja wake asihangaike. Lakini angalia kilichotokea: kifaa kimepita mikononi mwa watu ambao hatuwajui mpaka kukufikia, maneno yamezaliwa mbele ya mtu mwingine, labda mbele ya kamera ya dukani pia, alafu picha yake ipo kwenye simu yako, ipo WhatsApp, na kama bekapu yako imewashwa ipo na Google. Mtu yeyote katika huo mnyororo akiyaona hayo maneno, leo au mwakani, hela ni yake. Na mwenye nia mbaya hachukui mara moja, anasubiri akiba ikue, kwahiyo kuona hela bado ipo sio ushahidi kwamba uko salama.

Hiyo habari ya ESP32 nayo ina msingi wake, ila imefika kwenye grupu lenu ikiwa imevimba. Mwezi wa tatu 2025 watafiti wa kampuni ya Tarlogic ya Hispania walisimama kwenye mkutano wa RootedCON kule Madrid wakasema wamekuta amri 29 za Bluetooth ndani ya chipu ya ESP32 ambazo hazikuandikwa kwenye nyaraka zozote, na zinaweza kusoma na kuandika kumbukumbu ya chipu. Wakaziita mlango wa nyuma. Chipu hii ipo kwenye vifaa zaidi ya bilioni moja, kuanzia taa na soketi janja mpaka waleti kama Blockstream Jade, kwahiyo taharuki ikawa kubwa. Baadae Tarlogic wenyewe wakabadilisha neno wakaiita uwezo uliofichwa, na watengenezaji, Espressif wa Shanghai, wakaeleza kwamba ni amri za majaribio ya ndani na haziwezi kuamshwa kwa mbali kupitia Bluetooth wala intaneti. Ukweli wake kiufundi ni huu: ili mtu atumie amri hizo lazima awe tayari anaendesha programu yake ndani ya chipu hiyohiyo. Na mtu aliyeshaingiza programu yake ndani ya waleti yako hahitaji amri za siri, ameshamaliza kazi. Kwahiyo hiyo habari peke yake isikunyime usingizi. Haikuwa sawa Espressif kuacha amri bila kuziandika, hilo nakubali kabisa, ila sio kitu cha mtu kukaa nchi nyingine akabonyeza kitufe bitcoin yako ya Nkuhungu ikaondoka.

Ila nisikudanganye kwamba milango ya nyuma ni hadithi za vijiweni. Kuna mfano mmoja wa serikali ambao kila anayefanya kazi hii anaujua. Mwaka 2006 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipitisha njia ya kuzalisha namba za kubahatisha iitwayo Dual_EC_DRBG. Mwaka 2007 wataalamu wawili wa Microsoft, Dan Shumow na Niels Ferguson, wakaonyesha kwamba aliyechagua namba fulani za ndani ya njia ile angeweza kutabiri kila kitakachotoka. Mwaka 2013 nyaraka za Edward Snowden zikatia nguvu shaka kwamba shirika la ujasusi la Marekani, NSA, ndo lilikuwa nyuma yake, na 2014 NIST wakaiondoa. Ona mlango ulikuwa wapi: haukuwa kwenye redio wala kwenye waya, ulikuwa kwenye kubahatisha namba. Na mimi ningekuwa mwizi ningeuweka hapohapo, maana ukishajua namba imezaliwaje huhitaji kuwasiliana na kifaa tena maisha yako yote.

Na hata bila mtu mbaya, namba ikizaliwa vibaya hela inaondoka. Mwaka 2013 Android ilikuwa na kasoro kwenye kubahatisha kwake, watu waliokuwa na waleti za bitcoin kwenye simu wakaibiwa. Mwaka 2023 ikaja ishu iliyopewa jina Milk Sad, kwenye zana iitwayo Libbitcoin Explorer. Maneno 24 yakizaliwa sawasawa, idadi ya mipangilio inayowezekana ni namba yenye tarakimu 78, hakuna kompyuta ya kuipitia. Zana ile ilikuwa inaanzia kwenye saa ya kompyuta, yenye uwezekano kama bilioni 4.3 tu, kazi ambayo kompyuta nzuri ya kuchezea gemu inaimaliza bila shida. Jina lenyewe limetokana na hapo, ukiiambia zana kwamba saa ni sifuri maneno mawili ya kwanza yanatoka "milk sad". Watu waliamini wako salama sababu maneno yao yalikuwa 24 na waliyatengeneza kwenye kompyuta iliyokatwa intaneti. Kukata intaneti hakukuwasaidia chochote, namba ilikuwa mbovu tangu kuzaliwa.

Njia nyingine ni nyembamba zaidi na inahusu sana wazo lako la "ofulaini ndo basi". Kifaa hata kisipogusa intaneti lazima kuna siku kitatoa kitu nje, nacho ni saini, vinginevyo hela isingetumika milele. Kila saini inapotengenezwa kifaa kinabuni namba ya siri ya kutumika mara moja tu. Mwezi wa nane 2024 watafiti Lloyd Fournier, Nick Farrow na Robin Linus walionyesha mbinu waliyoiita Dark Skippy: fimuwea iliyochezewa inaficha vipande vya maneno yako ndani ya ile namba ya mara moja, saini inatoka ikiwa halali kabisa, inaingia kwenye daftari la dunia ambalo kila mtu analisoma, na mwizi akiwa kwake anaisoma na kuyatoa maneno. Kwa maneno 12 saini mbili zilitosha, na hizo zinaweza kuwemo kwenye muamala mmoja. Ilikuwa ni onyesho la watafiti, na lazima fimuwea iwe imeshachezewa kwanza. Lakini elewa maana yake: hata zile waleti za kuskani QR kodi tu, zisizo na waya wala Bluetooth, hazikukingi na hili, maana saini ni lazima ipite. Dawa ipo, kuna waleti ambazo simu au kompyuta inachangia kwenye hiyo namba ya mara moja alafu inahakiki kwamba kifaa kimeutumia mchango wake, BitBox02 na Jade wanayo, ila inafanya kazi pale tu ambapo apu unayotumia nayo inaiunga mkono.

Kudanganywa na kioo cha kompyuta nakupitishia haraka. Mwezi wa pili 2025 ekschenji ya Bybit ilipoteza takriban dola bilioni 1.5 kutoka kwenye waleti baridi, ofulaini hiyohiyo tunayoizungumzia, iliyohitaji saini za watu kadhaa. Hakuna chipu iliyovunjwa. Ukurasa wa kompyuta waliokuwa wanautazama ulichezewa, wakaona muamala wa kawaida, wakasaini kitu kingine. FBI wakasema ni kazi ya Korea Kaskazini. Kwako wewe maana yake ni kwamba anwani unayotuma uisome kwenye kioo cha kifaa chenyewe, herufi kwa herufi, sio kwenye laptopu, na ikiwa kifaa kinakuonyesha maandishi usiyoyaelewa usisaini.

Kuna pia kushikwa kwa mkono. Mwaka 2020 maabara ya usalama ya ekschenji ya Kraken ilionyesha kwamba Trezor za wakati ule, zilizotumia chipu ya kawaida, mtu akizishika kama dakika 15 na vifaa sahihi anaweza kuyachomoa maneno kwa kuchezea umeme wa chipu. Watu wakasema basi tutumie chipu zenye vyeti vya usalama, na kweli ni ngumu zaidi, ila Septemba 2024 Thomas Roche wa NinjaLab huko Ufaransa akaonyesha udhaifu kwenye chipu za Infineon zenye vyeti hivyohivyo, udhaifu uliokaa miaka 14 bila wakaguzi kuuona. Mimi msimamo wangu ni huu: cheti ni kizuri, fimuwea ya wazi ambayo watu wengine wanaweza kuisoma ni nzuri pia, na hakuna hata kimoja ambacho peke yake ningekikabidhi akiba ya miaka miwili. Unajipanga hivi kwamba chipu moja ikiwa mbaya, peke yake isitoshe kukuibia.

Sasa hizo ulizoshauriwa. Simu ya zamani isiyo na laini naelewa kwanini inavutia, ni bure na ipo ndani. Lakini ukiogopa chipu moja ya ESP32, simu ya zamani ina chipu nyingi zaidi, modemu yake haijulikani ndani kuna nini, mfumo wake uliacha kupata maboresho zamani, na huwezi kujua apu gani iliwahi kuingia humo. Kuchomoa laini hakuondoi WiFi wala Bluetooth. Betri ikivimba kwa joto letu hili la mwezi wa kumi na moja ndo hiyo tena. Kuizidi waleti iliyonunuliwa sehemu sahihi, hapana. Ushauri wa mume wako haunichekeshi hata kidogo, anaona mke wake hana amani na anataka iishe. Ekschenji inakuondolea kazi ya kutunza maneno, ila inakupa mzigo wa kumuamini mtu mwingine na funguo zote. Ekschenji ya Mt. Gox ilianguka 2014, ya FTX ikaanguka Novemba 2022, na waliokuwa na hela mle walikaa miaka kwenye foleni ya mufilisi. Kwetu hapa Benki Kuu ilitoa tangazo la tahadhari Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki kisheria, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali, kwahiyo kodi ipo ila dirisha la kwenda kudai fidia ekschenji ya nje ikifunga usilitegemee. Kwa siku chache za kuvuka sawa, kwa akiba ya miaka hapana.

Haya, leo ufanye nini. Ukiwa nyumbani, peke yako, bila simu nyingine inayorekodi wala mtu kuchungulia, weka kwenye simu yako apu ya waleti ya bitcoin inayojulikana na ambayo programu yake iko wazi watu wengine waisome, BlueWallet ni mfano, uipate kwenye duka rasmi la simu na uangalie jina la mtengenezaji vizuri maana za kuiga zipo. Tengeneza waleti mpya, iandike maneno yake kwa kalamu, usipige picha, usipige skrinishoti. Futa hiyo waleti kwenye apu alafu irudishe kwa kutumia ulichokiandika, uone anwani ni ileile. Hii hatua watu wanairuka na ndo inayowaliza, maana wanagundua neno moja limekosewa siku simu imeharibika. Kisha kutoka kwenye kile kifaa tuma kiasi kidogo, kikifika tuma chote. Najua inashangaza mimi kukwambia utoe hela kwenye kifaa cha ofulaini uiweke kwenye simu yenye bando, ila waleti ya simu ambayo maneno yake umeyaona wewe tu ni salama kuliko ya kabatini ambayo maneno yake yamepita dukani. Ni ya siku chache tu.

Na hapa ndo lile kosa nililosema. Usichukue maneno yale 24 ya zamani ukayaingiza kwenye apu mpya au kifaa kipya ukadhani umehama. Hujahama. Muhuri ni uleule uliochongwa nakala, umebadilisha tu meza. Kuhama ni kutuma hela kwenda kwenye anwani zilizozaliwa na maneno mapya, na utaijua kwa sababu utakatwa ada ya muamala. Kufuta picha WhatsApp nako fanya, ila usihesabu kama ni dawa, picha ikishakwenda mahali imekwenda.

Baada ya hapo agiza kifaa kingine moja kwa moja kutoka kwa mtengenezaji au muuzaji ambaye mtengenezaji mwenyewe amemtaja kwenye tovuti yake. Tumia sanduku la posta au ofisi, sio maelezo ya nyumbani, kwasababu orodha za wateja nazo huvuja: mwaka 2020 za Ledger, kampuni inayotengeneza waleti za kifaa, zilivuja, na mwaka uliofuata baadhi ya wateja wakaletewa vifaa bandia kwa posta na barua ya kuwaomba wahamie. Kifaa usichokiagiza kikija kitupe. Kile chako cha sasa unaweza kuendelea kujifunzia kwa elfu kumi, ila sio akiba. Utaniambia si nikiapdeti fimuwea kitakuwa kisafi? Kikiwa halali, ndio. Kikiwa kimechezewa kinaweza kukuandikia kwenye kioo kwamba kimeapdetiwa huku hakijabadilika kitu, kioo ni chake.

Kifaa kipya kikifika fanya kuzaliwa kwa maneno kuwe kazi yako. Kuna waleti zinakuruhusu kurusha dadu na kuingiza namba, Coldcard ni mojawapo. Kila mrusho unaongeza ugumu wa kukisia kidogo tu, ndo maana maneno 12 yanataka mirusho 50 na maneno 24 mirusho 99. Dadu za kawaida zinatosha kabisa, chukua kadhaa tofauti, rusha kweli mezani, usibuni namba kichwani wala kuchagua maneno unayoyapenda, akili ya mtu haibahatishi hata ikijaribu. Ukitaka kuhakiki kwamba kifaa hakikutupa dadu zako kikaweka maneno yake, fanya zoezi kwanza na mirusho ya majaribio: iingize kwenye kifaa, alafu piga hesabu hiyohiyo kwenye kompyuta, maneno yalingane. Yakilingana tupa hayo ya majaribio, anza upya na mirusho ya kweli ambayo haigusi kompyuta. Sio kinga kamili, kifaa kijanja kinaweza kujifanya mwema siku ya mtihani, ila kazi ya mwizi umeifanya ngumu mno.

Akiba ikiendelea kukua, ndo wakati wa saini mbili kati ya tatu: vifaa vitatu vya watengenezaji tofauti, na hela haitoki mpaka viwili visaini. Hapo hata chipu moja ikiwa na mlango wa nyuma wa wazi kabisa, peke yake haiibi kitu. Kimoja nyumbani, kingine kwa wazazi, kingine kwa ndugu unayemuamini huko Singida au Kondoa. Lakini kwa milioni 14 na kwa mtu anayeanza mimi nisingekukimbiza huko, maana usipotunza lile faili la maelezo ya waleti, lenye funguo za hadharani (zile zisizo za siri) za vifaa vyote vitatu, unaweza kujifungia nje mwenyewe, na watu wanaojifungia nje ni wengi mno. Kifaa kimoja kizuri, maneno yaliyozaliwa kwa dadu, nakala mbili sehemu mbili. Inatosha kwa sasa.

Na nakala hizo zisiwe za karatasi peke yake. Mchwa wa Dodoma unawajua. Nunua kibati cha chuma kisichoshika kutu na ile seti ya herufi za kugongea kwa nyundo inayouzwa maduka ya vifaa, gonga mwenyewe ndani, usimpelekee fundi wa Majengo akuchongee hata akiwa shemeji. Herufi nne za kwanza za kila neno zinatosha, orodha imetengenezwa hivyo kwamba hakuna maneno mawili yanayofanana herufi nne za mwanzo. Mume wako ajue kibati kipo wapi na ni cha nini, ili Mungu akipanga lake akiba isizikwe na wewe.

Kama ukifungua leo ukakuta hela haipo, usimlipe mtu yeyote atakayekuambia anaweza kuirudisha, hao wanatafuta walioibiwa ili wawaibie tena, na wakikupigia au kukutumia meseji kwa namba za hapa nchini ripoti namba yao kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kupitia 15040. Andika namba ya muamala, tarehe, na anwani ilikokwenda, nenda polisi uombe kuonana na wanaoshughulikia makosa ya mtandao, sheria ipo tangu 2015. Usimvamie yule kaka dukani, hujui kama ni yeye, na ukishamtuhumu hadharani unaweza kugeuka wewe mshtakiwa. Na ukitaka mtu akae na wewe uso kwa uso wakati wa kuset kifaa kipya, Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, pale koleji yao ya CIVE wanafundisha usalama wa kompyuta, tafuta mwalimu au mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akuelekeze kwa kifaa kitupu cha mazoezi, alafu maneno ya kweli ukayatengeneze nyumbani bila yeye. Hata kukifungua hiki cha sasa waone kama kimechezewa wanaweza kukusaidia, ila ukipeleke kikiwa hakina hela, bila karatasi ya maneno.

Ukishahamisha niandikie, nitajie kifaa ni cha kampuni gani na kioo kinaonyesha toleo gani la fimuwea, ntaangalia kama toleo hilo liliwahi kutolewa na kampuni yenyewe, maana hiyo Trezor ya bandia nayo ilianza kujulikana hivohivo, ilikuwa na namba ya toleo ambayo haikuwahi kuwepo. Maneno yako usinitumie, wala picha ya kioo kikiwa kwenye ukurasa wa maneno, hata nikikuomba mimi.